Mtoto Asiyepatana na Maziwa ya Ng'ombe

Likizo ya uzazi ya siku 84 inapokwisha, mama mfanyakazi hurejea kazini huku mtoto wake hajatimiza hata miezi 3. Hapo ndipo, katika nyumba nyingi za mjini, maziwa ya ng'ombe huanza kuingia katika kikombe cha mtoto kabla ya wakati wake. Watoto wengi huyanywa pasipo dalili mbaya. Wapo, hata hivyo, ambao wakiyaonja tu midomo huvimba, ngozi hutoka vipele, hutapika, huharisha, au choo chao huwa na damu. Watoto hao wana mzio wa maziwa.

Wazazi wa mtoto wa namna hiyo hawakosi washauri. Jirani mmoja atasema mpeni tui, wa pili atasema soya, wa tatu atasema maziwa ya mbuzi. Leo, ndugu wasomaji, tutazame ni lipi katika hayo linalofaa, kwa mtoto wa umri gani, na ni lipi linaloweza kumdhuru.

Mzio ni nini

Mzio hutokea pale kinga ya mwili inapoidhania protini ya maziwa kuwa adui, ikaanza kupigana nayo. Jambo hili ni tofauti na hali ya tumbo kushindwa kusaga sukari ya maziwa, ambayo huleta gesi na kuharisha. Ni daktari anayepaswa kutenganisha hali hizo mbili. Mzazi asimwachishe mtoto maziwa kwa kukisia tu.

Kwa kuwa tatizo limo ndani ya protini, kuyachemsha maziwa nyumbani hakuliondoi. Mtindi nao una protini ile ile. Maziwa ya mbuzi, ambayo wengi huyasifu, yana protini inayofanana mno na ya ng'ombe, na watoto wengi wenye mzio huo hudhurika nayo vile vile.

Mtoto akivimba ulimi, akikoroma au akipumua kwa shida, au akilegea ghafla baada ya kula, apelekwe hospitali papo hapo. Isingojwe hata nusu saa.

Chini ya mwaka mmoja

Kwa mtoto mchanga hakuna kinywaji cha jikoni kinachoshika nafasi ya maziwa ya mama. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 na zaidi. Mama anayekwenda kazini anaweza kukamua maziwa yake katika chombo safi, naye anayebaki na mtoto akamnywesha kwa kikombe. Ikiwa mtoto hudhurika kwa maziwa anayokunywa mama, daktari anaweza kumshauri mama ayaache kwa muda, wala si kumwachisha mtoto ziwa.

Mtoto asiyeweza kunyonya huhitaji maziwa maalumu ya kopo, ambayo protini yake imevunjwavunjwa. Maziwa hayo ni ghali sana kwa mwenye kipato cha kawaida, na hapa ndipo penye hatari. Kopo likikaribia kwisha kabla ya mshahara, mzazi hushawishika kuyazimua kwa maji mengi, au kumpa mtoto tui au maji ya mchele badala yake. Ni heri aende kliniki akaeleze shida yake waziwazi, atafutiwe njia, kuliko kumshibisha mtoto maji.

Mwaka 2001 jarida la madaktari wa watoto la Marekani liitwalo Pediatrics lilieleza habari za watoto wawili. Mmoja, wa miezi 22, alikuwa na ukurutu, ikadhaniwa kuwa maziwa hayamfai. Alipoachishwa ziwa akawa anapewa kinywaji cha mchele. Alifika hospitali akiwa na unyafuzi. Wa pili, wa miezi 17, alikuwa akipewa kinywaji cha soya kisichoongezwa kalsiamu wala vitamini D, naye akapatwa na ugonjwa wa mifupa kulegea, ule unaoleta matege. Wazazi hao hawakuwanyima watoto chakula. Waliliamini jina la maziwa.

Baada ya mwaka mmoja

Mtoto aliyetimiza mwaka 1, na anayekula vyakula vya namna mbalimbali, anaweza kupewa vinywaji vya mimea. Lakini tujue kila kimoja kina nini. Mililita 100 za maziwa ya ng'ombe zina gramu 3 hivi za protini na miligramu 120 hivi za kalsiamu, madini yanayojenga mifupa na meno. Soya iliyotengenezwa vizuri hukaribia protini hiyo, ila kalsiamu yake ni haba. Tui lina mafuta mengi na protini kidogo. Ni kiungo kizuri cha wali, uji na mboga, lakini si maziwa. Mchele haufikishi hata gramu 1 ya protini. Tena, kwa sababu ya aseniki iliyomo katika mchele, Uingereza inashauri watoto walio chini ya miaka 5 wasipewe kinywaji chake badala ya maziwa.

Maziwa ya soya

Chukua kikombe 1 cha soya kavu na vikombe 6 vya maji safi.

Chagua soya, uzioshe, uziloweke usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, kisha zifikiche ili maganda yatoke. Zisage kwa mashine, au uzitwange katika kinu mpaka zilainike kabisa, ukitia vile vikombe 6 vya maji kidogo kidogo. Chuja kwa kitambaa cheupe kilicho safi, ukikamua kwa nguvu.

Weka maziwa hayo motoni katika sufuria kubwa, kwani hufura na kumwagika upesi. Koroga daima. Yakishachemka, punguza moto uyaache yachemke taratibu kwa dakika 20. Sehemu hii usiifupishe: soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na moto ndio unaokiondoa. Machicha yanayobaki yasitupwe. Yapike vizuri katika maandazi au pamoja na mboga.

Maziwa haya hayana dawa ya kuyahifadhi. Katika jokofu yakae siku 2 tu. Asiye na jokofu atengeneze ya kutosha mlo mmoja.

Korosho na karanga

Korosho zilizobanguliwa, zisizokaangwa, huloekwa saa 4, zikasagwa kwa vikombe 4 vya maji yaliyochemshwa kwa kila kikombe 1 cha korosho, kisha zikachujwa. Karanga hukaangwa kidogo na kumenywa kwanza, nazo husagwa vivyo hivyo. Karanga zilizoota ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu zitupwe. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyokuwa nayo.

Soya, karanga, korosho na ufuta navyo huleta mzio kwa baadhi ya watoto. Kwa hiyo anza na kitu kimoja tu, kijiko kimoja cha chai, asubuhi ya siku ambayo upo nyumbani, mtoto akiwa mzima. Ngoja siku 3 kabla ya kujaribu kingine. Mtoto aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi, au mwenye ukurutu mkali, asijaribiwe nyumbani. Jambo hilo lifanyike kwa uongozi wa daktari. Na ikiwa karanga ndizo zinazomdhuru, kinu na mwiko vya karanga visitumike kwa chakula chake.

Kujaza pengo

Yale yasiyomo katika kikombe yatafutwe katika sahani. Ulezi una zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu katika kila gramu 100 za nafaka kavu, na uji wa ulezi uliopikwa kwa maziwa ya soya ni mlo mzuri wa asubuhi. Dagaa wakioshwa, wakakaushwa na kusagwa na mifupa yao, hutiwa katika mboga ya mtoto. Unga wa ubuyu nao una kalsiamu. Vitamini B12 haimo katika mimea hiyo. Hupatikana katika nyama, samaki, maini na mayai, ikiwa mtoto hana mzio navyo.

Nyumba nzima ijue

Mama na baba wakijua peke yao haitoshi. Dada wa nyumbani, kaka zake mtoto, mwalimu wa chekechea na jirani anayependa kugawa biskuti, wote waambiwe. Maziwa hujificha katika mikate, keki, biskuti, chokoleti na samli. Bibi akija kutoka kijijini na kibuyu cha mtindi kwa ajili ya mjukuu, aelezwe kwa heshima kwamba mtoto hadekezwi wala hachagui chakula, bali huumwa.

Watoto wengi huachana na mzio wa maziwa kadiri wanavyokua. Kwa hiyo mrudisheni kwa daktari kila atakapowaagiza, yeye ndiye aamue lini ajaribiwe tena. Kabla ya hapo, msiache kumpima uzito kliniki kila mwezi. Mstari katika kadi ukilala au ukishuka, msingoje mwezi wa pili. Pelekeni kadi hiyo kwa mganga, mkamweleze kila anachokula na kunywa mtoto wenu.