Chumba cha Mbao Kinachohama na Mwenyewe

Katika mji wa Kasese, na hata kule Kilembe ambako mgodi ulianza kutoa shaba mwaka 1956, jamaa nyingi huishi katika nyumba za safu, ukuta mmoja ukitenga nyumba mbili. Watoto wakikua, wavulana na wasichana hawafai tena kulazwa chumba kimoja. Lakini baba aliye askari asita kununua matofali, maana barua ya uhamisho yaweza kufika kabla saruji haijakauka, na matofali hayabebeki.

Mbao hubebeka. Chumba cha futi 12 kwa 8 chahitaji viambaza kumi, kila kimoja upana wa futi 4 na urefu wa futi 8. Seremala huviunda vikiwa vimelala chini uani, kila kiambaza na fremu yake na ubao wa mshazari wa kukikaza, kisha watu wawili au watatu hukisimamisha. Viambaza viunganishwe kwa bolti na nati, wala si kwa misumari. Hiyo ndiyo siri yote ya kazi hii.

Kwanza, hata hivyo, pata ruhusa kwa maandishi. Nyumba ya kambini ni mali ya serikali, na ya kupanga ina mwenyewe. Hati hiyo itaje wazi kwamba chumba ni chako na utaondoka nacho.

Mbao nyingi za Kongo huingilia Mpondwe, karibu na Bwera. Dai stakabadhi, ni aibu mlinzi wa sheria kukutwa na mbao za magendo. Usinunue mkaratusi mbichi kwa sababu ya urahisi wa bei, kwani ukikauka utajipinda na bolti hazitaingia tena matunduni. Nje pigilia mbao zilizopandiana ili mvua iteremke. Plaiwudi ya kawaida ni ya ndani tu, ikinyeshewa huvimba.

Mchwa ndio adui mkubwa. Inua msingi wa mawe futi moja juu ya ardhi, kisha ulaze juu yake kipande cha bati ambacho kingo zake zimekunjwa kuelekea chini. Mchwa akitaka kupanda itambidi ajenge njia yake mahali pa wazi, nawe utaiona na kuibomoa. Fremu ifungwe msingini kwa bolti, kwa kuwa chumba chepesi huweza kung'olewa na upepo.

Usikigongomee ukuta wa zamani. Acha nafasi ya inchi mbili, uifunike juu kwa bati lililofungwa upande mmoja tu. Nchi hii hutetemeka: tarehe 20 Machi 1966 tetemeko lilibomoa nyumba nyingi za Toro na ng'ambo ya Kongo. Chumba chepesi na ukuta mzito havichezi pamoja, basi kila kimoja kitikisike peke yake. Na kando ya mto Nyamwamba, uliofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, usijenge kabisa.

Akina mama watuwie radhi, jiko la makaa lisiingie humo. Katika nyumba za safu moto wa mmoja ni moto wa wote. Wala chumba kisizibe dirisha la nyuma, maana joto la Kasese bondeni lahitaji upepo.

Mwishowe, kila kiambaza kiandikwe namba kwa rangi, upande wa ndani, na funguo za nati zitunzwe nyumbani. Siku ya uhamisho, anzeni na mabati.