Paa Moja, Wenyewe Wawili
Jengo la makao makuu ya jiji la Chicago lina wenyewe wawili: nusu ni ya jiji, nusu ya Kaunti ya Cook. Mwaka 2000, enzi za meya Richard M. Daley, paa la upande wa jiji lilianza kupandwa bustani ya takriban mita za mraba 1,900. La kaunti likabaki na lami nyeusi. Ukaidi huo wa jirani (na nisimlaumu, umesaidia sana) uliwapa watafiti ulinganisho wa bure: alasiri za kiangazi lami iliwaka kama kikaango, bustani ikabaki baridi zaidi. Wapenzi wa paa za kijani hukimbilia kusifu majani kwa kufyonza kaboni. Mimi hapo sishawishiki, kwani udongo wa sentimita chache hauoteshi msitu. Faida kubwa iko chini ya dari: udongo huzuia joto, mimea hutoa mvuke unaopoza hewa, viyoyozi hupumzika, na umeme wa makaa na gesi hupungua. Jiji la Toronto nalo lilipitisha sheria mwaka 2009 likiwataka wajenzi wa majengo mapya makubwa waoteshe sehemu ya paa. Ila saruji na chuma cha kubebea uzito wa udongo na mimea hiyo navyo vina kaboni yake, na hesabu hiyo wauzaji hawaipendi.