Kumi la Mwisho Madukani

Enyi ndugu Waislamu! Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha tuutafute usiku wa Lailatul-Qadri katika kumi la mwisho la Ramadhani. Sisi twautafuta wapi? Biashara Street, Mombasa, baada ya kufuturu! Msikitini safu zimepungua, madukani hapana pa kupita. Baba akopa ili binti asionekane na nguo ya mwaka jana. Akiulizwa Zakatul-Fitri, haki ya maskini kabla ya sala ya Idi, asema hana. Kuvaa vizuri siku ya Idi ni suna, hapana ubishi. Basi nguo na zinunuliwe Shaabani, mchana, kwa pesa taslimu. Nguo huchakaa. Usiku ule ukikupita, wajuaje kama utauona wa mwakani?