Wasifu wa Wilaya Zinazoinywesha Dar

Makamanda, wiki hii nilikuwa na mtihani wa Sheria ya Ardhi, badala yake nikakesha nasoma wasifu wa wilaya. Yale makablasha ya halmashauri yenye ramani mbele na orodha ya fursa za uwekezaji nyuma. Nimesoma ya wilaya za kuanzia Dar mpaka huku kwetu, na nimekasirika.

Kibaha inajisifu kwa viwanja vya viwanda karibu na Dar. Bagamoyo ni bandari ya kupunguzia Dar msongamano. Makubaliano yalisainiwa 2013, halafu miaka ikapita kimya. Mkuranga sitaki hata kuisema. Kisarawe ipo mlangoni kabisa mwa jiji, lakini mradi wa maji wa Kibamba–Kisarawe ulizinduliwa 2020, karibu miaka 60 baada ya uhuru!

Kisha Morogoro Vijijini: "vyanzo vingi vya maji". Sawa, vya nani?

Ruvu inaanzia kwenye milima yetu ya Uluguru. Mgeta, Mvuha na Mfizigo zinaingia humo, na Ngerengere pia, inayopita hapa kwetu Kingolwira. Huko chini kuna mitambo miwili, Ruvu Juu pale Mlandizi na Ruvu Chini kule Bagamoyo, yenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 466 kwa siku. Sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi wa Dar 5,383,728, na wengi wao wanakunywa mto huu. Mwaka huohuo mto ulipopungua maji jiji likaingia kwenye mgao, na serikali ikasaini mkataba wa Bwawa la Kidunda, lita bilioni 190, ndani ya Morogoro Vijijini.

Sipingi bwawa. Nina shangazi Mbagala, naye anaoga. Ila mwezi uliopita bomba la uani kwetu lilikoroma wiki mbili bila tone, mama akawa ananunua maji kwa dumu, yanaletwa na bodaboda. Shangazi akanicheka kwenye simu: nyie si ndo wenye mto?

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, inasema kipaumbele cha kwanza ni matumizi ya nyumbani. Haijasema nyumbani kwa nani. Halafu kuna ile mita 60 kutoka ukingo wa mto, iliyomo pia kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004. Bibi wa Kinole hajasoma sheria lakini hiyo anaijua, maana migomba yake ndo inayoambiwa isogee. Yeye anabeba mzigo wa kuutunza mto, mwingine anafungua koki.

Na msidanganywe kwamba haiwezekani kumlipa. Kuanzia 2006 CARE na WWF waliendesha mradi Kibungo Juu: wakulima wakilipwa kwa kupanda miti na kukinga mmomonyoko, na fedha zikichangiwa na shirika la maji la Dar pamoja na Coca-Cola. Mradi ukaisha, malipo yakaisha. Kilichokosekana ni kifungu cha sheria: sehemu ya ada za vibali vya maji ya Ruvu irudi kwenye vijiji vya juu, kila mwaka, mfadhili awepo asiwepo.

Nani atakidai? Mkuu wa wilaya kateuliwa na Rais. Mkurugenzi wa halmashauri kateuliwa na Rais. Bodi ya bonde inaundwa na Waziri. Diwani wa mlimani akipiga kelele zinaishia bondeni. Na Ibara ya 146 ya Katiba hiihii mbovu inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi! Ndo maana tukisema Katiba Mpya tunaongelea hata koki ya uani.

Sasa kazi. Tuandike wasifu wetu wenyewe, kata kwa kata: mabomba mangapi yanatoka maji, nani kahamishwa kando ya mto, kalipwa nini. Mwaka 2018 walirekebisha Sheria ya Takwimu ili kupinga takwimu za serikali kuwe kosa la jinai. 2019 wakalegeza wenyewe. Kwa hiyo hesabuni bila woga, ila andikeni tarehe na mtaa.

Mimi naanza Jumamosi hapa Kingolwira na daftari, nyumba ya kwanza ni ya mama.