Mashindano ya motoka ndani ya jengo: tiketi si gharama yote



Wiki hii barua imetoka mbali. Dada yetu mmoja anayeishi London ana vijana wawili, wa miaka 9 na 13. Wanamlilia awapeleke kuona Formula E, mashindano ya motoka za umeme. Shida ni kwamba zamu yake ya likelemba iko wiki zile zile, na pesa hiyo ameshaiahidi huku nyumbani, kwa minerval ya wadogo zake. Anauliza: afanye nini?

Mashindano hayo hufanyika ExCeL, majumba makubwa ya maonyesho mashariki mwa London, tangu 2021. Barabara yake ina zaidi kidogo ya kilomita 2, sehemu inapita ndani ya jengo na sehemu nje. Hilo linawezekana kwa sababu motoka zile hazichomi esanse, hazitoi moshi. (Kwa kobalti yote inayotoka Kolwezi kwenda kwenye betri za motoka, tungestahili kuingia bure!)

Dada, bei ya kwanza unayoona kwenye simu usiiamini. Fika mpaka mahali pa kulipa, uone jumla. Mbio ni mbili, Jumamosi na Jumapili. Siku moja inatosha. Na kiti cha bei kubwa hakikuonyeshi barabara yote, kwa kuwa kuta zinaificha. Hata huko utatazama skrini.

Usafiri ndio unaokula pesa kimya kimya. Ukienda na motoka ya zamani, unalipa pauni 12.50 kwa siku kwa ajili ya moshi wake. Ukitoka kusini kupitia handaki la Blackwall, nalo linalipiwa tangu 2025. Kisha kuna kuegesha. Panda treni: kituo cha Custom House kiko mlangoni. Mtoto wa miaka 9 hasafiri kwa pesa akiwa na mkubwa anayelipa. Yule wa 13 anahitaji kadi yake ya watoto. Kama hana, iombe mapema, la sivyo atalipa kama wewe.

Chakula, shibeni nyumbani. Kofia na fulana za timu ndizo mtego: mpe kila mtoto kiasi chake mkononi asubuhi, na kikiisha kimeisha. Utashangaa jinsi kijana anavyojua kuhesabu pesa ikiwa yake.

Kuhusu likelemba, mimi nasema usiiguse. Kule wanangoja minerval, na mtoto aliyefukuzwa darasani hawezi kuelezwa habari za mbio. Weka kopo mezani leo, vijana wenyewe watie chao kila wiki, nawe ongeza kidogo. Likijaa kabla ya siku, mnakwenda. Lisipojaa, hamwendi, na waambie hivyo tangu mwanzo.

Mkienda, tuandikie mlitumia pauni ngapi na kwa nini. Tutaiweka hesabu hiyo hapa.