Mionzi Baada ya Upasuaji wa Tezi Dume: Tuanze au Tusubiri?

Mume akishaondolewa tezi dume yenye saratani, jamaa hudhani safari imekwisha. Kisha majibu ya maabara huonyesha kwamba ugonjwa ulifika ukingoni mwa tezi, au uliuvuka. Hapo familia yaweza kusikia kauli mbili: daktari mpasuaji asema tusubiri, na daktari wa mionzi asema tuanze.

Kila mmoja huitazama hatari kutoka upande wake. Mpasuaji humwona mgonjwa ambaye bado hawezi kuzuia mkojo, naye achelea mionzi isije ikazidisha taabu hiyo. Daktari wa mionzi humpokea yule ambaye saratani imemrudia, naye aona laiti angaliletwa mapema.

Mwaka 2020 yalitolewa majibu ya tafiti tatu: mmoja ulioongozwa kutoka Uingereza, mmoja wa Ufaransa, na mmoja wa Australia na New Zealand. Jumla walikuwa wanaume 2,153. Baadhi walipewa mionzi mapema baada ya upasuaji. Wengine walifuatiliwa kwa kipimo cha damu kiitwacho PSA, wakapewa mionzi pale tu kiwango kilipopanda. Haikuonekana kwamba kutanguliza mionzi kulizuia ugonjwa kurudi kuliko kungoja, na waliotangulizwa walipata taabu zaidi za mkojo. Miongoni mwa waliongoja, chini ya nusu walikuwa wamehitaji mionzi kufikia wakati huo.

Tangu hapo wataalamu wengi wameelekea kwenye kusubiri. Hata hivyo, wenye saratani kali zaidi, kama iliyofika kwenye matezi ya limfu, walikuwa wachache katika tafiti hizo. Kwao mionzi ya mapema bado hujadiliwa.

Akina mama, mara nyingi ninyi ndio mtunzao faili na kukumbuka siku za kliniki. Kusubiri kuna usalama pale tu vipimo visiporukwa, kwani mionzi hufaa zaidi PSA ikiwa bado chini. Ombeni kuwasikia madaktari wote wawili, na muulize: Saratani ilifika wapi? Kipimo kijacho ni lini? PSA ikifika kiwango gani tutaanza?

Naye mume asione haya kueleza mkojo unaomvuja na kumtaabisha hata katika twahara ya Sala. Daktari huhitaji kulijua hilo kabla ya kuamua wakati wa mionzi.