Laki Nane za Boksi

Vijana wenzangu, leo niacheni niseme. Kila tukikutana kijiweni kuna mshikaji wetu mmoja anayependa kutuhubiria kwamba mpenzi wa kweli wa gemu hujulikana kwa toleo maalumu la wakusanyaji. Namaanisha lile boksi kubwa lenye sanamu, kitabu cha picha, kasha la bati na makorokoro mengine, linalouzwa mara tatu ya bei ya gemu yenyewe. Sisi tunaonunua la kawaida eti ni wapita njia. Mimi nasema huo ni ulimbukeni mtupu, na nayasema haya nikiwa mlimbukeni mstaafu.

Maana nililinunua. Laki nane, ukijumlisha nauli ya mzigo na ushuru. Dada yangu aliyeko Uingereza ndiye aliyelitafuta, baada ya mimi kumsumbua miezi miwili. Fedha hizo nilikuwa nikizidunduliza nipate kompyuta ya mtumba, niache kuandika hadithi zangu kwenye daftari kisha kuwalipa watu wanichapie. Boksi lilipofika nyumba nzima ilikusanyika. Mama akauliza kama ni feni. Ikatoka sanamu, kikatoka kitabu, likatoka kasha la bati linalong'aa kama sinia la harusi. Mdogo wangu akalifungua.

"Kaka, CD iko wapi?"

CD haikuwemo. Palikuwa na karatasi tu yenye namba ya kupakulia gemu. Na namba ilikuwa ya akaunti za Uingereza, ilhali akaunti yangu niliifungua kwa anwani ya Marekani. Ikakataa. Nikafungua akaunti nyingine, nikaanza kupakua, bando likakata roho hata robo haijafika. Nilikuwa nimelamba garasa.

Mtaniambia nilikurupuka, kwamba boksini ilikuwa imeandikwa hakuna CD. Kweli iliandikwa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Lakini huu ndio mtindo siku hizi, hata kwa wakubwa wenyewe. Toleo la wakusanyaji la God of War Ragnarök la mwaka 2022 liliuzwa dola 200 huko Marekani. Ndani mlikuwa na nyundo ya Thor ya sentimita 40 hivi, dadu, vinyago viwili, na kasha la bati lisilo na diski. Mwaka uliofuata likaja la Spider-Man 2 kwa dola 230, na sanamu yake ya karibu nusu mita. Kasha limo, diski haimo. Hebu fikiri: mtu aliyenunua gemu ya kawaida kwa dola 70 anaweza kupata diski, na huyu aliyelipa mara tatu, anayeitwa mkusanyaji, ndiye anayekosa kitu cha kukusanya!

Labda wenzetu wa ng'ambo wataona ni jambo dogo. Kwetu si dogo. Mtaani kwetu CD moja ililea watoto wa nyumba kumi. Huyu akimaliza anampa yule, yule anaiazima kwa wiki, ikichokwa inapelekwa dukani, unaongeza kidogo unabadilishiwa nyingine. Mimi mwenyewe sikununua gemu mpya hata moja hadi nilipofikisha miaka ishirini, na nilizicheza karibu zote. Namba ya kupakulia haiazimiki. Ukishaiingiza imekufa, imekuwa yako na akaunti yako hadi kiama. Kumbe tulipokuwa tukishangilia nyundo, mlango uliotuingiza sisi kwenye gemu ulikuwa unafungwa.

Na hata hayo makorokoro, nani kawaambia ni ya maana? Mwaka 2018 Bethesda walitoa Fallout 76, toleo la dola 200, wakaahidi mkoba wa turubai. Wateja wakafungua, wakakuta mkoba wa nailoni. Kampuni ikajitetea kwamba turubai ilikuwa ghali, kisha ikataka kuwatuliza kwa sarafu 500 za kuchezea mlemle ndani ya gemu, za thamani ya dola tano hivi. Zilipopigwa kelele ndipo wakakubali kushona mikoba upya, na watu wakangoja hadi mwaka 2019. Mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe si la katani.

Sikatai kwamba boksi linaweza kuwa na maana. Mwaka 1982 Infocom walitoa Deadline, gemu ya upelelezi iliyokuwa maandishi matupu, yaani ninyi waandishi mngeipenda. Maelezo hayakuenea kwenye diski ya wakati ule, basi wakayachapa kwenye karatasi: mahojiano na mashahidi, ripoti ya maabara, mpaka vidonge kwenye kifuko. Ultima IV ya mwaka 1985 ilikuja na ramani ya kitambaa na kitabu kinachokueleza dawa za kuchanganya ili uchawi ufanye kazi. Bila kitabu hicho ungebaki unababaisha. Vitu hivyo vilikuwa sehemu ya hadithi, na vilikuwa ndani ya boksi la kila mtu. Hapakuwa na boksi la mabwana na boksi la watwana.

Mshikaji wetu akibanwa hukimbilia hoja ya mwisho: litapanda bei. Anapenda kutaja Super Mario 64 iliyouzwa mnadani Julai 2021 kwa dola milioni moja na nusu na ushee. Sawa. Ila ile ilikuwa nakala ya kawaida ya mwaka 1996, ya dukani, ambayo haikuwahi kufunguliwa. Aliyeitunza hakuicheza. Kama huo ndio upenzi wa gemu, basi mpishi bora ni yule asiyewasha jiko.

Nikiri jambo moja, nisije nikaumbuliwa. CD nayo siku hizi si kinga. The Crew ya Ubisoft ilitoka mwaka 2014, seva zake zikazimwa tarehe 31 Machi 2024, na wenye diski wakabaki na vioo vya kujitazamia. Ndiyo maana nasema sanamu ni changa la macho. Unapewa kitu cha kushika ili usiulize kile usichoshika.

Sanamu yangu iko juu ya kabati, mama huifuta vumbi kila Ijumaa. Nimetangaza kuiuza pamoja na kasha lake. Mshikaji wa kijiweni amefika bei, laki mbili, na ameapa yuko tayari. Nimemwambia alete fedha Jumamosi.